Swali la Chiriku

Nyumba ya Walimu Namba 4,
S.L.P. 212.
9 Agosti

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo? Na wifi je, goti lake limepoa au bado linamsumbua kwenye ngazi? Sisi wazima. Mama anakula vizuri, anagombana na redio kama kawaida yake, na kila siku anakuulizia.

Barua hii isome peke yako kwanza, kabla ya kumpa wifi. Usishtuke, hakuna mgonjwa.

Muhula huu nimeirudia riwaya ile ya fundi cherehani na binti yake mcheshi, ambayo sikuigusa kwa miaka saba. Unajua ninavyofundisha: wanafunzi wawili kitabu kimoja, cha shule. Kila mmoja anachagua neno jipya, analitumia kuuliza swali kwa penseli pembeni mwa ukurasa, bila jina, na wenzake wanalijibu. Sheria yangu ni moja tu, swali halifutwi kabla halijajibiwa. Wanavyobishana, utadhani mawakili!

Kitabu cha kumi na saba hawakipendi. Wanasema ukikisoma, nacho kinakusoma. Niliwacheka sana.

Juzi asubuhi binti wa dawati la mbele alikipeleka dirishani, akapaka penseli juujuu pembeni mwa ukurasa mmoja. Maandishi yaliyofutwa zamani yakajitokeza meupe: “Je, maumivu ya mtu anayecheka kila siku yanaweza kuwa dhahiri?”

Ile “j” yenye mkia uliojikunja niliitambua hapohapo. Ni mwandiko wa Chiriku, mwanao. 

Nikachukua kifutio, nikafuta mbele ya darasa zima. Vitabu nikavifungia kabatini na ufunguo nikaondoka nao. Jana asubuhi nilipofungua, swali lilikuwapo, safari hii kwa herufi nyeusi, na “j” ni ileile. Nikafuta tena. Leo lipo. Nimewauliza wote, mmoja mmoja, wanaapa hawajui. Niliwafokea, lakini mwenye hofu nilikuwa mimi. Binti yule akaniambia taratibu, “Lakini mwalimu, si halijajibiwa?”

Chini ya swali kuna wino mwekundu uliofifia. Ni mwandiko wangu: “Vizuri! Neno jipya umelitumia ipasavyo.”

Niliyaandika hayo wiki tatu kabla Chiriku hajaanguka pale koridoni, katikati ya mzaha wake. Daktari alisema kichwa kilikuwa kinamuuma kwa miezi. Alikuwa akiishi kwangu, tunakula sahani moja, na nyumba nzima alikuwa anatuvunja mbavu. Nilisahihisha swali lake, nikalifuta kabla halijajibiwa, na wala sikumuuliza anaumwa nini.

Siku ya mazishi ulinishika mkono ukaniuliza kama mtoto alisema lolote. Nikakujibu hakusema. Sikukudanganya kwa makusudi, lakini nilikosea. Alisema, kaka. Alisema kwa maandishi, nami nikamwekea alama ya vema.

Nisamehe ukiweza. Wifi mwambie wewe, mimi sina uso wa kumwambia.

Wasalimie wifi na wale pacha wenu. Shemeji yako na mama wanawasalimu. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Ni mimi dadako nikupendaye,
Shangazi yake Chiriku

Kitabu nimekiacha wazi mezani. Kesho nitaandika jibu, na sitashika kifutio.