Mamba na Samaki Kortini

Kashikishi, 15 Machi 2025

Kwako Yaya Félix,

Pokea salamu, kaka yangu, kutoka huku ng'ambo ya Zambia. Mama ni muzima, na mimi ni muzima, ila kikohozi cha mvua hakijaniacha. Na weye? Mgongo umepoa? Kazi ya mota za mitumbwi inaendelea kule Pweto?

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu ni moja tu, ya Mama, na sitaki asikie haya. Yaya, sijawahi kumwambia mutu yeyote: Ijumaa ninapoaga kwamba ninaenda korali, siendi korali. Ninaenda kortini Nchelenge, ninakaa benchi ya nyuma na kusikiliza kesi za watu. Usicheke. Napenda namna hakimu anavyouliza swali moja dogo, na uongo wa mutu mukubwa unaanza kubomoka kama ukuta wa udongo ulionyeshewa. Nikirudi nyumbani ninayarudia maswali yale mbele ya sufuria. Mbele ya watu unanijua, hata jina langu linanishinda.

Jana karani aliita jina la Mama.

Mama hakuwepo, hakuna aliyempelekea habari. Aliyemushitaki ni Davison, yule mwenye duka aliyemupa friji ya barafu kwa krediti. Anasema Mama hakumaliza kulipa, tena ameongeza faini ya kuchelewa. Anataka friji irudi na franga za deni pia. Mukusanyaji wake wa madeni, Ba Chisala, alisimama akaweka simu juu ya meza ikaongea. Ilikuwa sauti ya Mama: "Ndiyo, nimekula franga zenu! Nimekula zote na mifupa yake! Silipi, kuja unifunge!" Watu wote wakafanya "Eee!" Hakimu akauliza kama kuna ndugu wa mama huyu ndani. Nilikuwepo, Yaya. Ulimi ukakataa. Kesi imesogezwa hadi tarehe 11 Aprili.

Mama alilipa. Nilikuwa ninaosha sahani wakati alipomupa Ba Chisala zile franga za mwisho. Ba Chisala alizihesabu akisema, "Weye samaki wa Kongo, ulizificha chini ya magamba?" Hakutoa risiti, na Mama hakuiomba. Nani anamuomba munungwe, mutani wake, risiti?

Hakimu ni mugeni, ametoka mbali kusini. Nimeanza kuandika namna ningemueleza: Bwana hakimu, huku ziwani watu wa ukoo wa samaki na watu wa ukoo wa mamba, kama Ba Chisala, ni banungwe, ng'ambo zote mbili. Wakikutana wanatukanana, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Mumoja akikufa, mwengine ndiye anayemuzika. Naandika vizuri, lakini kusema ni kazi ingine.

Friji ikienda, samaki tunaonunua asubuhi watakuwa wameoza mchana. Tutaacha chumba hiki, tutarudi kambini Mantapala kungojea musaada, na masomo yangu ya hapa yatakwisha. Nifanye nini?

Mudogo wako,
Joëlle


Pweto, 30 Machi 2025

Mudogo wangu Joëlle,

Barua yako nimeipata mukononi mwa Mama Olipa muchuuzi, ikinuka samaki mukavu. Nashukuru kusikia ninyi wazima. Mimi pia niko, mgongo unauma siku za mota kubwa tu. Meza asali kwa hicho kikohozi.

Mambo ya korali yamenichekesha peke yangu hadi wateja wakaniangalia. Sasa sikia. Nyamaza. Sisi ni wageni kule. Leo unabishana na mwenye duka, kesho watasema Wakongomani wanaleta fujo. Mama aende kwa Davison, aombe musamaha na muda. Mimi nitatafuta franga.

Na tena ni Chisala! Umesahau mazishi ya Kambo, bibi yetu? Tulikuwa tumefika juzi tu, hatuna hata jembe. Chisala alisikia kwamba bibi wa ukoo wa samaki amekufa, akaja kwa baiskeli bila kuitwa na mutu. Alichimba. Halafu akalala ndani ya kaburi, akakataa kutoka: "Hiki chumba ni changu! Huyu samaki atafute pake!" Mpaka Mama akamulipa kuku. Ile ndiyo siku ya kwanza Mama kucheka tangu tuvuke mupaka. Mutu kama yule hatumupeleki kortini.

Ni mimi yaya wako,
Félix


Kashikishi, 13 Aprili 2025

Yaya Félix,

Natumaini umelala na kuamka salama. Sisi tunapumua, kikohozi kimekwisha. Mama anakula kidogo sana.

Safari hii barua ya korti ilimufikia. Tukiwa tunapika nikamwambia, "Mama, useme tu ulilipa."

"Nitasema. Halafu wataniuliza nilimupa nani."

"Ba Chisala."

Akaacha kukoroga. "Mutu aliyemulalisha mama yangu mu udongo, mimi nimuite mwizi mbele ya watu? Basi friji iende."

Na kweli kortini alifanya hivyo. Alisema, "Nililipa zote." Hakimu akauliza, "Ulimupa nani?" Mama akaangalia viatu vyake. Akaulizwa tena, kimya. Ba Chisala naye alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakimu amemupa mpaka tarehe 9 Mei kuleta ushahidi, la sivyo atakata kesi.

Jana vijana wa Davison walikuja na mukokoteni kuchukua friji. Mama akapanda juu ya kifuniko, akakaa, akaanza kuimba nyimbo za kanisa. Kijana mumoja akasema, "Mama, shuka, friji ni nzito hata bila weye." Soko lote likacheka. Madamu Suwilanji wa shule aliniazima kitabu cha sheria zinazolinda wanunuzi, nimekisoma mara nyingi. Muuzaji hachukui kitu kabla korti haijasema, na haongezi faini ambayo haimo katika mapatano. Nikawaambia. Yaya, nilisema kwa sauti ndogo sana hata kijana aliyekuwa karibu akauliza, "Unataka kununua nini?"

Walichoka na nyimbo, wakaondoka. Ba Chisala alikuwa amesimama kwenye kona. Hakutukana hata neno moja. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mudogo wako,
Joëlle


Pweto, 27 Aprili 2025

Joëlle mudogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Huku ni mema. Mama Olipa anawaletea franga nilizopata. Ni za faini, zikitosha. Nimeuza baiskeli, usimwambie Mama.

Nilikuandikia unyamaze. Nimewaza sana nikifungua mota za watu. Chisala hakutukana hata neno, unasema? Basi yeye mwenyewe anajua amevunja kitu. Mama hawezi kumuita mwizi, hilo naelewa. Lakini sisi ni samaki. Kumutukana tunaruhusiwa.

Yaya wako,
Félix


Kashikishi, 18 Mei 2025

Kwako Yaya Félix,

Pokea salamu za upendo. Mimi ni muzima. Mama ni muzima wa mwili. Natumaini mgongo wako umeacha kukusumbua, hasa sasa unapotembea kwa miguu.

Nisamehe kuchelewa kuandika. Nilianza mara nyingi nikapasua.

Siku ya kesi, Mama alisema maneno yale yale na kunyamaza vile vile. Hakimu akafunika kalamu yake. Akauliza, kwa mazoea tu nafikiri, "Kuna mutu mwengine wa kumusemea mama huyu?" Nikaona mukono umenyoka juu, na ulikuwa wangu. Niliitwa mbele. "Jina lako?" Halikutoka. Karani akamuuliza Mama.

Nilikuwa na karatasi yangu, imelowa jasho, wino umetawanyika. Nikaikunja. Nikamugeukia Ba Chisala na kusema kwa nguvu zote:

"Weye mamba muzee! Meno imekwisha mu kinywa, sasa unakula watu na simu?"

Davison akaruka. "Mheshimiwa, anamutukana shahidi wangu!"

Hakimu akainua mukono kunizuia. Lakini Ba Chisala alikuwa amekwisha kuinua kichwa. Nafikiri hakuweza kujizuia, ni kama mutu akipiga chafya.

"Nyamaza, katoto ka samaki, nitakuanika na chumvi! Ndiyo, nakula watu! Nimekula mama yako, nimekula friji, na huyu hakimu nitamukula saa sita na sahani ya ubwali!"

Korti ikalipuka. Mpaka askari wa mulangoni akageuka kuficha uso. Nikasema, "Mheshimiwa, tafazali, uandike kwamba amekiri atakukula."

Hakimu aliangalia karatasi yake kwa muda. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Akasema kwao kusini pia wako na watani, ila hakuna aliyemwambia kwamba sauti ile kwenye simu ilikuwa ya watani. Kisha akaacha kucheka, akauliza lile swali moja dogo.

"Ba Chisala, bila utani. Mama huyu alilipa?"

Mama akasimama. "Chisala, nyamaza!"

Ba Chisala akamuangalia, akamuangalia tena. "Alilipa, Mheshimiwa. Zote. Mimi ndiye nilizikula. Nilifikiri nitazirudisha kabla patron Davison hajauliza. Alipouliza, nikamupa simu yenye ile sauti ya utani."

Friji ni ya Mama. Faini imefutwa, haikuwemo katika mapatano, kama kitabu kilivyosema. Ba Chisala atamurudishia Davison zile franga kidogo kidogo, na kazi amepoteza siku hiyo hiyo, pale kwenye ngazi za korti. Franga zako anazirudisha Mama Olipa pamoja na barua hii. Nunua baiskeli.

Nilifikiri Mama atanikumbatia. Nje aliniambia tu, "Umesema vizuri, mwanangu. Sasa mimi atanizika nani?"

Jana nilichukua samaki mukubwa kuliko wote kwenye friji, nikamufunga kwa gazeti, nikaenda kwa Ba Chisala. Alikuwa amekaa uani anashona wavu wa shemeji yake. Nikasimama kwenye kivuli cha jiko, nikasema, "Mamba, nimekuletea ndugu yangu umukule, maana wa bure ndio unawapenda." Akaendelea kushona. Mke wake akapokea samaki, akaingia ndani. Nikamutukana tena, macho yake, miguu yake, baiskeli yake. Hakujibu. Nikakaa chini, nikavuta upande mwengine wa wavu, nikaanza kushona matundu. Baada ya muda akanisogezea uzi.

Mudogo wako,
Joëlle