Wale Vibisi wa Wageni

Basi dada Ansila, pale nilipokatiza barua ya juzi, ugali ukitaka kuungua, nilikuwa nakusimulia wale wazungu wa hapa bustanini ziwani, kwenye nyumba ya wageni ninakopika. Lakini shikamoo kwanza! Kifua cha mama kimetulia? Na magoti yako? Mie mwili mzima, ila roho imekufa.

Wale wazungu, bibi na mumewe, kazi yao kuangalia ndege tu. Kukicha wako ufukweni na darubini. Mabata hawawajali sana, wao ni kibisi, kale kandege kanakozama hapa kakaibukia kule. Nikamwambia Mzee Bosko mlinzi, "Watu wazima hawa, hawana shamba?" Akanijibu, "Nyamaza wewe, hao ndio kahawa yetu sasa."

Sasa si unajua kwetu, mgeni haombi nyama, mwenyeji ndiye anatazama jicho lake limekaa wapi. Nami naona macho hayatoki kwenye matete. Nikasema, masikini, wanaona aibu. Wavuvi wakanitegea nyavu, wakaniletea vibisi wawili, dume na jike. Nikawaunga karanga, dada, harufu mpaka barabarani! Firigisi nikamwekea yule bibi, maana ndiye mkubwa.

Kala, anasifu. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha misheni, "Mama Skola, kuku gani mtamu hivi?"

"Kuku wapi, bibi! Si wale vibisi wenu wa kwenye matete!"

Kijiko kikaanguka. Akalia kama kafiwa. Bosi ndiye akanieleza: walikuwa wanasubiri mayai yaanguliwe, eti mama kibisi anaogelea kabeba wanawe mgongoni. Ningejuaje mie? Leo asubuhi nimekwenda kwenye matete, nimeyagusa yale mayai. Baridi. Nikayafunika majani, sijui hata kwa nini.

Wageni wamefunga mizigo. Bosi hanisemeshi. Nikitolewa hapa, dada, Skola wangu anaacha shule. Na huko nyumbani nirudie nini? Ushirika umekufa, mnunuzi binafsi katoroka na kahawa, baba Skola kang'oa mibuni yote. Jikoni nachekesha watu, kisha nalia, wanadhani moshi.

Mama usimwambie, mpe shikamoo zake tu. Msalimie shemeji fundi cherehani, na wifi Osmunda wa kilabuni, mwambie umbea wake nimeukumbuka. Ni mie mdogo wako, Fotunata.

Ngoja, Mzee Bosko kasimama mlangoni, hanitazami. "Mama Skola, bosi anakuita. Vua aproni, uende nayo mkononi."