Mbaazi Ndani ya Ganda la Hindi

Kambi ya Mkonge, Ngoliba,
kupitia Posta ya Thika.
Jumapili, 30 Novemba, 1958.

Mpendwa shemeji Mbaluka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko Mombasa? Mkeo Kamene hajambo, na yule mtoto wenu ameshaota meno? Je, kifua chako kimepona, au bado unakohoa kila ukibadilishwa zamu kule relini? Sisi hatujambo. Mume wangu, ndugu yako Muthoka, alikatwa kidogo na jani la mkonge kidoleni, akalalamika kwa siku tatu kama mtu aliyekatwa mguu, lakini sasa anakula vizuri na kununa vizuri. Mvua imekuja, ingawa kwetu huku bondeni huja kwa kuchungulia tu, na mbaazi zimesimama. Mungu ashukuriwe.

Najua umekasirika. Barua yako ya Septemba niliipata, nikaisoma mara nne, nikaiweka chini ya godoro. Uliandika kwamba Ngina akimaliza darasa la nne na la tano halipo hapa, utakuja mwezi wa Desemba umchukue. Mtoto ni wako, na marehemu mama yake alinikabidhi nimlee, hakunipa niwe naye milele. Hayo nayajua. Lakini nimemlea miaka sita, shemeji, na kila nilipoishika kalamu mkono ulinikataa. Nisamehe. Leo mkono umekubali, maana habari ni njema. Darasa la tano tumelipata.

Sasa nikueleze tulivyolipata, maana hapa kambini watu hawazungumzi jambo lingine.

Unamkumbuka Tobias, nyapara wa wakata mkonge. Amekuwa mwenyekiti wa komiti ya shule miaka mitatu, na miaka miwili ametia ngumu kuiweka sahihi yake kwenye karatasi ya kuomba darasa la tano. Bila sahihi ya mwenyekiti, ofisi ya shule kule Thika haiipokei. Sababu yake ni kwamba darasa litajengwa na wazazi siku za Jumamosi, na Jumamosi anawataka shambani. Tena husema mtoto akipita darasa la nne haukamati tena mkonge. Si mtu mbaya, huzika na watu na husaidia wagonjwa. Ni mtu wa kichwa kigumu tu.

Wengi hawamtaki, na bado hushinda. Unajua uchaguzi wetu ulivyokuwa: wagombea husimama uwanjani na watu hupanga mistari nyuma yao. Sisi Wakikuyu tulisimama nyuma ya Kang'ethe seremala, Wakamba nyuma ya Muasya wa pampu ya maji, na watu wa Tobias nyuma ya Tobias, huku yeye akigeuza shingo kuona nani hayupo. Kang'ethe na Muasya wote wawili wanalitaka darasa la tano. Wakigawana watu, Tobias anapita. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Nyumbani kwangu vita hivyo vililala kitanda kimoja. Kura ni moja kwa kila nyumba yenye mtoto shuleni. Muthoka alisema nyumba ni yake na atasimama na Muasya. Mimi nikasema sahani anayolia chakula ni yangu na nitasimama na Kang'ethe. Mwaka jana tulibishana mpaka mistari ikahesabiwa sisi tukiwa bado njiani. Usicheke.

Basi mwaka huu Mwalimu Zacharia, yule aliyehamia hapa kutoka Ruiru, akaleta mpango. Alisema alisoma kwenye gazeti kuukuu, lililofungiwa sukari, kwamba Wazungu wa Australia humtaja wanayemtaka kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Wa kwanza asipopata zaidi ya nusu ya kura, yule wa mwisho kabisa hutolewa, na kura za watu wake humwendea yule waliyemtaja wa pili. Kwa njia hiyo hakuna anayepita kwa sababu tu wenzake wamegawanyika.

Shemeji, mzozo uliozuka! Tobias alisimama akasema mshika mbili moja humponyoka. Mwingine akaongeza kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Wengine wakakumbuka uchaguzi wa mwaka jana wa wajumbe wa Kiafrika, ambapo Mwalimu mwenyewe kwa elimu yake alikuwa na kura mbili na Muthoka hakuwa nayo hata moja, wakadhani huu ni ujanja uleule umerudi. Mwalimu alieleza mpaka koo likakauka kwamba kura ni moja tu, na ya pili haifanyi kazi mpaka ya kwanza ife.

Hata Kang'ethe hakuupenda. Aliogopa kwamba yeye ndiye atakayekuwa wa mwisho, halafu watu wake wamnufaishe mwenziwe. Hapo ndipo niliposimama, nami si msemaji. Niliwauliza akina mama: ukitumwa sokoni Thika ununue njahi, ukakuta njahi zimekwisha, unarudi nyumbani na kiondo kitupu? Si unachukua maharagwe? Na watoto si wanashiba? Nikakaa chini. Mzee Makau, ambaye wajukuu wake ndio huongoza kwa kuchelewa shuleni, alisema yeye njahi zikikosekana hulala njaa, na haki yake iheshimiwe. Watu walicheka, lakini mpango ukapita, na kibali cha mkutano tukakipata kwa chifu.

Mara ya kwanza tuliharibu, na nakwambia tuliharibu vibaya. Jumamosi ya tarehe kumi na tano tuliweka vibuyu vitatu darasani, kila mgombea na chake. Kila nyumba ilipewa punje moja ya mahindi na haragwe moja. Mahindi unatia kwa wa kwanza wako, haragwe kwa wa pili. Tulijiona werevu sana. Tukamwaga, tukahesabu mahindi: Tobias ishirini na nne, Muasya kumi na tisa, Kang'ethe kumi na saba. Jumla sitini. Kwa hiyo Kang'ethe nje. Sasa tukayatafuta maharagwe ya watu wa Kang'ethe, na hapo ndipo Mwalimu aliposhika kichwa. Maharagwe yote yalikuwa yamechanganyika. Nani angejua lipi lilitoka kwa mtu wa Kang'ethe na lipi kwa mtu wa Tobias? Haragwe halisemi.

Tobias akadai mahindi yamesema yeye ndiye wa kwanza, basi imetosha. Akataka mchungaji msimamizi wa shule aje Jumatatu ayahesabu kwa macho yake na kumthibitisha. Vibuyu vikafungiwa jikoni pa shule. Sikulala Jumamosi hiyo, wala Jumapili. Karatasi ya Thika ilikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ni leo.

Jumatatu mchungaji akaja na baiskeli yake, akavua kofia, akauliza ziko wapi kura. Kura, shemeji, zilikuwa zinachemka. Nyawira, yule mjane anayewapikia watoto, alikuta mahindi na maharagwe jikoni, tayari yamechanganywa, akaongeza ya ghalani, akatia chumvi na maji. Mtu akiona mahindi na maharagwe pamoja atadhani ni nini kama si githeri? Aliapa kwamba hakujua. Mimi sisemi kitu. Mchungaji aliinamia sufuria, akaonja, akasema uchaguzi umeiva lakini hauhesabiki, urudiwe Jumamosi. Watoto walikula kura zetu na Ngina akaongeza.

Wiki hiyo Mwalimu na Kang'ethe walikaa pamoja wakatafuta dawa. Dawa ikawa rahisi kuliko tulivyofikiri. Kila mgombea alipewa mbegu yake: Tobias mahindi, Kang'ethe haragwe, Muasya mbaazi. Unachukua ganda la hindi lililokauka, ndani yake unaweka mbegu ya yule unayemtaka wa pili, unalifunga kwa uzi wa mkonge, kisha ganda hilo unalitumbukiza katika kibuyu cha yule unayemtaka wa kwanza. Kila kura inabeba neno lake la pili tumboni. Tobias alilishika moja, akalitikisa sikioni.

"Kura gani hii iko na mimba?" akauliza.

Hata akina mama wazee walicheka, na yeye mwenyewe akacheka. Lakini alikubali, maana hakuna aliyekatazwa kumtaja.

Jumamosi ilipofika, kwa mara ya kwanza mimi na Muthoka hatukugombana njiani. Tulikaa kwenye mkeka, yeye akashika mbaazi, mimi nikashika ganda. Akataka Muasya awe nje na Kang'ethe ndani. Nikamwambia wote wawili watakuwamo, basi aniachie mimi nje mwaka huu, mwakani itakuwa zamu yake. Akaitia mbaazi ndani mwenyewe. Nililifunga kwa fundo la kiondo, lile la mama yangu.

Hesabu ya kwanza ilitoka vilevile kama mwanzo: ishirini na nne, kumi na tisa, kumi na saba. Kang'ethe wa mwisho. Nilimtazama, nikaona uso umemshuka. Halafu akasimama akaomba maganda yake ayafungue kwa mkono wake mwenyewe.

"Mimi nimeshindwa," akasema. "Lakini watu wangu hawajashindwa."

Akafungua la kwanza. Mahindi. La pili, mahindi. Shemeji, moyo wangu uliacha kazi. Tobias akifikisha thelathini na moja, basi amepita; nilikuona wewe ukishuka kwenye gari-moshi Thika, nikamwona Ngina na kisanduku chake. La tatu, mbaazi. La nne, mbaazi. Halafu nikaliona fundo langu mkononi mwake, akalifungua polepole, akaniinulia macho, akasema mbaazi. Yalipokwisha, mbaazi zilikuwa kumi na tatu, mahindi matatu, na ganda moja tupu. Hilo tupu kila mtu alijua ni la Mzee Makau. Neno lake ni moja, naye hakulazimishwa. Muasya thelathini na mbili, Tobias ishirini na saba.

Nililia mbele za watu. Tobias alimpa Muasya mkono, ingawa wapo watu wake wanaosema mpaka leo kwamba Muasya ameingia kwa mlango wa nyuma, kwa vile mahali pa kwanza alitajwa na wachache kuliko Tobias. Wana haki kidogo, sikatai. Tena kazi hii inakula nusu siku, na mistari ya zamani ilikwisha kabla uji haujapoa. Lakini zamani tulimchagua upesi mtu ambaye wengi hatukumtaka. Na jambo lingine: hakuna aliyegeuza shingo kuona nani yuko nyuma yake.

Jumatatu Muasya akatia sahihi. Jumatano Mwalimu akaipeleka karatasi Thika kwa baiskeli, akarudi na muhuri. Tangu hapo nalala usingizi wa mawe. Jana wazazi walifyatua matofali ya kwanza, na Tobias alikuja, akasema matofali yetu yamepinda, akavua koti akatuonyesha.

Nisalimie Kamene, umwambie nitamfumia mtoto kofia. Dada yangu Njambi wa Ruiru anawasalimu, bado anachuma kahawa. Mama yenu kule Kilungu amepata nguo uliyomtumia. Muthoka anasalimu pia, anasema umtumie wembe wa kunyolea, wa huku haukati.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito. Darasa limepatikana, lakini niliona si haki nikukatalie mtoto kwa kinywa changu. Basi jana nilimwekea Ngina vikombe viwili mezani, kimoja cha hapa na kimoja cha Mombasa, na ganda, na mbegu mbili: haragwe ni hapa, mbaazi ni kwako. Nikatoka nje nikajidai natafuta kuni. Niliporudi, ganda lilikuwa kwenye kikombe cha hapa. Sitaficha furaha yangu, shemeji, ningekuwa mwongo.

Lakini usiumie kabla hujamaliza kusoma. Angeweza kuliacha tupu kama Mzee Makau. Hakuliacha. Nililifungua baada ya yeye kwenda mtoni, na kilichokuwa ndani nimekitia humu kwenye bahasha, kimefungwa kwa uzi wake mwenyewe. Ni mbaazi. Njoo Krismasi, uje kumwona, si kumchukua, na ukifika usiulize nani alikuwa wa kwanza. Alipolifunga ganda lake, wewe ulikuwa ndani.

Mungu akuongoze kwenye reli na nje ya reli, akulete kwetu salama.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, mama mlezi wa Ngina,

Wangeci wa Muthoka