Saini Yangu Kwenye Karatasi ya Bibi

Chumba cha mbele, chenye dirisha,
Nyumbani kwa Bibi.
Jumapili, tarehe 9 Novemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako halikusumbui tena unapopanda ngazi za hao wazee unaowatunza. Huko baridi imeanza? Ulisema unavaa soksi mbili mbili. Usiache kuvaa, hata wakikucheka.

Sisi tunaendelea vizuri. Kibonge wangu ana meno manne sasa, na kila kitu anakiita "tata". Mimi tata, kijiko tata, hata nesi aliyemchoma sindano ni tata. Baba yake bado yuko kwenye kazi ya barabara, atarudi mwisho wa mwezi. Na Bibi, mama yako, hajambo. Neno hilo nimeliandika baada ya kugeuka na kumtazama kwanza. Yuko dirishani anakunja nepi za Kibonge, pembe kwa pembe, kama alivyokuwa akikunja mashuka ya hospitali enzi za kazi yake ya udobi.

Lakini Shangazi, ile miezi yote niliyokuwa nakuambia hajambo, hakuwa hajambo. Ulipokuwa ukipiga simu yangu nikasema Bibi kalala, hakuwa amelala. Baba Mdogo alikuwa amesimama pale pale ananitazama mdomo. Na simu ya Bibi haikuharibika, yeye ndiye aliyeichukua. Naomba radhi sana. Ningeweza kukupigia nikueleze, ila najua nitalia, na wewe utalia, na salio litaisha hatujafika popote. Tena kuna jambo moja nataka unijibu kwa maandishi. Nitalifikia.

Unakumbuka Baba Mdogo aliporudi kukaa hapa, kwenye nyumba ya Bibi (samahani kwa hapo nilipokata maneno, ukifika mwisho utajua sababu), baada ya kazi yake ya gereji kuisha. Mwanzoni alikuwa mtu wa kushukuriwa. Aliziba paa, akatengeneza bawaba ya mlango wa jikoni iliyokuwa inalia tangu sijaolewa. Mimi mwenyewe nilimsifia mpaka akaona haya.

Halafu asubuhi moja akaja na karatasi zilizobanwa kwa pini. Akasema ni fomu ya kuvutiwa maji. Bibi alifurahi, unajua alivyobeba ndoo maisha yake yote. Akatia dole gumba. Baba Mdogo akaniita kutoka jikoni, "Msomi wa nyumba, njoo utie saini. Fomu inataka shahidi."

Shangazi, mimi niliishia darasa la saba. Hakuna mtu aliyewahi kuniita msomi. Nilinawa unga mikononi, nikavuta kiti, nikaandika jina langu lote, na chini nikauzungusha ule mkia niliojifunza mwenyewe. Bibi akasema, "Mtazameni mjukuu wangu, utadhani karani!" Tukacheka wote watatu. Sikusoma hata mstari mmoja. Mkono wa Baba Mdogo ulikuwa umelala juu ya karatasi, nami nikauona ni mkono tu.

Maji hayakuja. Waliokuja ni mafundi, wakapima chumba cha Bibi, eti kitakuwa duka la vipuri. Bibi akahamishiwa stoo, katikati ya matairi na makopo ya rangi. Mlango ukawa unafungwa kwa nje, "asije akaanguka". Maji ya kuoga jagi moja. Akigonga anaambiwa, "Mama, umeshakula chumvi ya kutosha, tulia basi." Baba Mdogo akitoka anaondoka na ufunguo mfukoni. Hapo mimi na Kibonge tulikuwa tunakaa sakafuni nje ya mlango, tunazungumza na Bibi kupitia uwazi wa chini. Kibonge anaingiza vidole vyake, Bibi anavishika upande wa pili. Walikuwa wanaweza kukaa hivyo hata saa nzima.

Kisha Baba Mdogo akatangaza kwamba mwezi ukiisha Bibi atahamia chumba cha kupanga kwa mtu tusiyemjua, na mimi na mwanangu tujue pa kwenda. Nilimuuliza kwa nini. Akajibu, "Nyumba yangu, unaniuliza kwa nini?" Nilifikiri ni hasira zinamsemesha.

Kulikuwa na siku moja tu ya wiki ambayo mlango wa stoo ulikuwa ukifunguliwa bila ugomvi, nayo ni Jumatano, siku ya kupimwa presha zahanati. Nesi huwa anawafuatilia wasiofika, na Baba Mdogo hakutaka nesi afike nyumbani. Basi Jumatano moja tulipokwenda, nesi alimpima Bibi, akatazama namba, akampima tena. Akauliza taratibu, "Bibi, siku hizi unalala wapi?" Bibi akatazama viatu vyake. Nesi hakurudia swali. Alimrudishia kadi yake ya presha akasema, "Nenda benchi la pili, pale karibu na mizani ya watoto."

Kwenye benchi la pili hukaa mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na bado utamkuta anatafuta miwani kwenye mkoba. Wagonjwa wanamwita Mama Miwani. Mimi nilidhani ni daktari wa macho. Kumbe ni wakili, na kazi yake ni kuwasaidia bure wazee wanaoteswa au kufukuzwa majumbani mwao. Anakaa pale makusudi. Mzee akiaga nyumbani kwamba anakwenda kwa wakili, kutakuwa na vita. Akiaga anakwenda kupimwa presha, anaambiwa aende salama.

Jambo la kwanza alilofanya ni kunifukuza. "Mwanangu, tupishe kidogo."

Nikamwambia, "Mimi ni mjukuu wake, ndiye ninayemlea."

Akasema, "Nimekuamini. Lakini hata wanaowatesa huwa wananiambia hivyo hivyo. Mteja wangu ni yeye. Kamnyonyeshe mtoto, nitakuita."

Nilikasirika, Shangazi! Nilikwenda kukaa karibu na bomba nikawa namsema peke yangu. Lakini kwa mbali nilimwona Bibi akizungumza. Yaani anazungumza, mikono inakwenda juu, inashuka, anakatakata hewa kama zamani. Nikahesabu siku tangu nilipomwona hivyo mara ya mwisho, nikapotea hesabu. Hasira ikaniisha yenyewe.

Jumatano iliyofuata Mama Miwani alikuwa na nakala aliyoitoa ofisi ya ardhi. Safari hii, kwa ruhusa ya Bibi, niliitwa nikae. Akasoma polepole. Ile haikuwa fomu ya maji. Ilisema Bibi amempa mwanawe nyumba hii kuwa zawadi, kwa hiari yake, baada ya kusomewa na kuelewa kila neno. Na shahidi amethibitisha kwamba alisomewa mbele yake.

"Huyu shahidi ni nani?" akauliza, akatugeuzia karatasi.

Nikauona mkia wangu unavyozunguka. Nikambana Kibonge mpaka akalia. Nikasema, "Ni mimi." Sikuweza kumtazama Bibi. Nikamwambia anisamehe, kwamba sikujua.

Bibi akashangaa kweli kweli. "Unaniambia kama habari mpya? Kwani mimi nilikuwa wapi? Nilikuwepo, na dole ni langu!" Kisha akamgeukia Mama Miwani, "Tulidanganywa wawili, mmoja anayejua kusoma na mmoja asiyejua."

Maneno hayo nayafikiri mpaka leo. Alinitoa kwenye aibu, lakini hakunipa uongo wa kujifunika nao. Yeye hakuwa na namna ya kusoma. Mimi nilikuwa nayo, nikaiacha mezani kwa sababu nimesifiwa.

Mama Miwani akanieleza kwamba mimi ndiye mtu pekee anayeweza kusema mahakamani kuwa Bibi hakusomewa kitu. Lakini ili niseme hivyo, lazima nikiri kwa kiapo kwamba nilitia jina langu kwenye jambo lisilo kweli. Hakunisukuma. Alisema yeye ni wakili wa Bibi, kwa hiyo nikazungumze na mwenzake ofisini kwao kwanza, naye ni bure vilevile, anishauri mimi kama mimi. Nilikwenda. Nilirudi na hofu, lakini hofu yenye mpaka. Kesho yake nikaapa.

Kisha Mama Miwani akamuuliza Bibi anataka nini. Mimi nilitaka Baba Mdogo afungwe, usinilaumu. Bibi akasema, "Sikumzaa ili nije nimfunge. Nataka chumba changu chenye dirisha. Nataka ufunguo ukae kwangu. Simu yangu. Na jina langu lirudi kwenye nyumba." Nilitegemea wakili atabishana naye, au atamwongezea. Hakuongeza. Aliandika manne yale yale, akamsomea, akauliza, "Hivi ndivyo?" Bibi akasema asome tena. Akasoma tena, bila kuvuta pumzi ya kuchoka.

Baba Mdogo alipopata samansi ya mahakama nyumba ilitetemeka. "Mnanishtaki kwa nyumba ya baba yangu?" Akaanza kutoa masufuria yangu nje, moja moja, akafuata godoro la Bibi. Bibi akatoka na kukaa juu ya godoro hapo hapo uani, kanga begani, akasema, "Mwanangu, endelea. Mimi nimeshakaa." Majirani walichungulia. Baba Mdogo alisimama na sufuria mkononi hajui aliweke wapi.

Siku ya pili yake Mama Miwani alifika na amri ya hakimu, kwamba Bibi asitolewe, asifungiwe, na arudishwe chumbani kwake mpaka kesi iamuliwe. Baba Mdogo aliisoma yote, mpaka mhuri. Akakabidhi ufunguo na simu. Sasa analala kwa rafiki yake wa gereji. Jana alipita akaacha mkaa mlangoni, hakuingia. Bibi aliuchukua, akasema, "Angalau huo hauhitaji shahidi." Alicheka, halafu akachungulia barabarani.

Sasa nimefika kwenye lile jambo. Kesi itasikilizwa tarehe 27. Baba Mdogo ameiambia mahakama kwamba wewe ulijua kila kitu na ulikubali kwa simu nyumba iwe yake. Sijui kama ni kweli, Shangazi. Sikuulizi kwa hila. Kama hukukubali, andika hivyo, ukaapie mbele ya mwanasheria wa huko uliko, utume haraka. Na kama ulikubali, andika kwamba ulikubali, na alikuambia nini. Pengine na wewe uliambiwa ni maji. Mimi nimeshaona kwamba kukiri hakuui. Kunatetemesha tu magoti.

Najua unawageuza wazee wa watu kitandani kila asubuhi, na najua moyo unakwenda wapi ukiwageuza. Usijilaumu. Mimi nilikuwa hapa hapa, hatua kumi kutoka stoo, na bado ilinichukua muda.

Wasalimie wenzako wa kazini, na yule mzee wako anayekataa dawa mpaka umwimbie. Mama mkwe wangu anakusalimu. Nesi anakusalimu ingawa hakujui, nimemwambia habari zako. Kibonge anakuita tata. Bibi anasema Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, akupe miguu ya kurudi, chumba kina nafasi ya vitanda viwili.

Kabla sijafunga bahasha Bibi ameniambia nimsomee barua yote, kuanzia tarehe. Siku hizi ndivyo tulivyo. Hakuna karatasi inayopita humu bila kusomwa, hata ya sabuni. Nimesoma, anatikisa kichwa, anakubali. Nilipofika nilipoandika "nyumba ya marehemu Babu" akanisimamisha.

"Babu yako alikufa hata kiwanja hakijapatikana," akasema. "Nilikipata kwa kufua mashuka. Matofali, mashuka. Bati, mashuka. Nyumba hii ni ya nani?"

Nikasema, "Yako, Bibi." Yaani hata mimi, baada ya yote haya, kalamu ilikwenda kwa Babu yenyewe.

"Basi kata, uandike vizuri."

Nimekata. Nimeandika. Nimemsomea tena.

Ni mimi, mwana wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja. Saini iko hapo chini, na mkia wake. Nimeitia baada ya kusoma yote.