Pete Kwenye Bakuli la Mlangoni

Jumatatu, 3 Novemba

Basi nimekubali, bakuli limeshinda! Kila asubuhi Eskil wangu huvua saa na pete na kuvitia kwenye bakuli mlangoni mwa maabara. Kitu chochote kinachong'aa kinaweza kuurusha mwali wa leza machoni mwa mtu. Nilinuna wiki nzima — pete ya ndoa, jamani! Leo amenipeleka nikaone. Anachunguza vipande vya dhahabu, vidogo kuliko vumbi. Anavipiga kwa mwanga mfupi mno — ukilinganisha, kupepesa jicho ni karne nzima! — aone elektroni zinavyorukaruka ndani.

"Kumbe unashinda na dhahabu nyingine," nikamwambia.

Gunnel, mkuu wao, akacheka. "Usijali, wifi. Hiyo nyingine haijui kupika."

"Kwani huyu anajua?" akasema Eskil.

Mshenzi! Nampenda mpaka naona haya.

Alhamisi, 6 Novemba

Supu ya njegere na chapati za maji zimepoa mezani. Gunnel amepiga simu. Leza. Jicho la kulia. Naenda hospitali.

Jumamosi, 8 Novemba

Saa aliivua — mkono umezoea kuivua miaka yote. Pete bado ni ngeni. Aliisahau! Akainua miwani ya kinga kidogo tu, atafute doa la mwanga, na kidole kikapita kwenye mwali. Haikuuma, anasema. Alisikia tu kitu kikipasuka ndani.

Daktari anasema tusubiri. Huenda likapona kiasi. Huenda lisipone.

Nikamwomba afumbe la kushoto, anitazame.

"Naona nywele," akasema. "Masikio. Shingo."

Na katikati?

"Wingu."

"Basi umeoa masikio mawili."

"Mazuri lakini."

Tukacheka. Kisha mimi nikaenda bafuni, nikafungulia maji.

Jumapili, 9 Novemba

Mama mkwe amepiga simu kutoka kaskazini. Mguu uliovunjika ulimzuia kuja harusini, hajawahi kuniona. Habari za jicho hatujamwambia. Anauliza mkwewe ana sura gani — yeye haoni vizuri picha za simuni.

Eskil akanigeukia. Akalifumba jicho zima, la kushoto! Nikasogea karibu na taa, nikatulia, sikupumua.

"Macho ya kijivu, mama," akasema polepole. "Kovu dogo kwenye nyusi. Akitaka kulia, kidevu kinatangulia."

Kidevu changu kilikuwa kinatetemeka. Sijui kama alikiona au alikikumbuka. Jicho la kushoto bado amelifumba.

"Nitamleta kabla mwezi haujaisha," akamwambia. "Umwone mwenyewe."