Kigoda cha Mama yake Gwakisa

Jumamosi, 5 Julai 2025
Mbeya. Baridi ya kukata masikio, lakini nyumba yetu ya Iyunga leo imepata uhai — taa ya Moroko imetundikwa! Ukiiwasha, ukuta mzima unajaa nyota. Zulia la Kituruki liko chini. Mito ya Gujarati yenye vioo iko kwenye kochi. Kitambaa cha Mali, kile cha rangi ya udongo, nimekitandaza ukutani, na pembeni yake vikapu vya kwetu vya nyasi za milulu.

Mama alipiga simu kutoka Idodi. Nilipomweleza akacheka hadi akakohoa. Vikapu ukutani, Devota? Sasa unga utaweka wapi?

Mchumba wangu Gwakisa yuko Madibira kwenye mifereji ya mpunga, ambako mtandao ni wa kubahatisha. Ufunguo mmoja ameniachia mimi. Pamba unavyotaka, mwenzangu, alisema. Naogopa. Mtu akikuachia nyumba nzima, ukikosea huna wa kumsingizia. Na harusi ni mwezi ujao.

Kimebaki kigoda tu. Cha marehemu mama yake, alikileta kutoka Rungwe baada ya matanga, kimefungwa kwenye khanga yake. Cheusi kwa moshi. Katikati kimebonyea, mguu mmoja mfupi, kinayumba. Kando ya zulia kinaonekana kama yatima. Juzi nilimuuliza nikifanyeje. Akaandika: Kitafutie pahali pazuri.

Nimekipeleka kwa fundi Zabron, Mwanjelwa. Akauliza, nikipige randa chote, dada? Nikasema chote.

Jumapili, 6 Julai 2025
Sikukitambua! Mti wake ndani ni mwekundu, una mistari kama maji. Kimenyooka. Hakiyumbi. Kinang'aa vanishi — kama vile vya kwenye majarida ya dukani kwa Bi Shamsha. Nimekiweka chini ya taa na juu yake chungu cha mshubiri. Nikapiga picha, nikamtumia Gwakisa. Tiki moja. Madibira hiyo!

Jumanne, 8 Julai 2025
Iringa. Nimerudi kazini huku, na jioni nilipita dukani kwa Bi Shamsha, aliyeniuzia taa na mito. Nilitaka anisifu, nakiri. Akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili.

Binti, taa imekaa vizuri sana. Hiki kigoda nilikuuzia mimi?

Nikasema hapana, cha marehemu mama mkwe, nilikitoa weusi.

Akavua miwani. Akasema jikoni kwake kuna kibao cha kusukumia chapati, mama yake alikuja nacho, kimepasuka, na mkwe wake Nisha akikigusa kwa sabuni nyumba haikaliki. Halafu akasema: Hivi vyangu vyote havina mwenyewe, ndiyo maana nauza. Hicho kina mwenyewe. Futa hiyo picha, haraka.

Nikafungua simu.

Tiki mbili. Za bluu.

Alhamisi, 10 Julai 2025
Amepiga.

Angefoka ingekuwa nafuu. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani: Lile bonde la katikati umelipeleka wapi?

Sikuelewa. Akaeleza. Kwao bi harusi hakabidhiwi jiko akiwa amesimama. Mama wadogo wanawasha moto, wanamkalisha kwenye kigoda cha mama mkwe. Mama yake alikalishwa hapo na mama mkwe wake. Bonde lile ni la kukaa kwao, miaka yote, kupika na kulia na kunyonyesha. Mama yake alipozidiwa alisema, atakayekuja ataona nimemwachia nafasi.

Nafasi yangu. Nimeilipia fundi aiondoe.

Nikasema hukuniambia. Akasema ni kweli, sikukuambia. Nilidhani kikionekana kinajieleza.

Halafu akasema hanilaumu. Akakata. Bora angenilaumu.

Ijumaa, 11 Julai 2025
Nimemwandikia. Tiki mbili, hajibu.

Bwana Crispin, mkuu wetu wa masjala, amenitania mbele ya watu: Bi harusi, faili la maji umelizika kwenye mafaili ya ardhi! Wakacheka. Nikaenda chooni.

Jumamosi, 12 Julai 2025
Mbeya. Nilianzia kwa fundi. Nikamuuliza maranda yale meusi yako wapi — hata kiganja kimoja. Zabron alinitazama kama nimechanganyikiwa. Maranda? Dada, tumewashia moto wa chai. Baridi hii!

Nikaenda nyumbani. Nyumbani! Mshubiri uko sakafuni, umewekwa taratibu, hata udongo haukumwagika. Kigoda hakipo. Khanga haipo. Vingine vyote vipo — Moroko, Uturuki, Gujarati, Mali. Hakugusa kitu. Na ufunguo wake uko mezani.

Nimekaa kwenye zulia. Ni duka. Nimemjengea mwanaume duka.

Jumapili, 13 Julai 2025
Misa sikusikia neno. Nimempigia Frida, dada yake, yuko Rungwe. Akasema kaka yupo, amelala kwa mama mdogo, hali chakula. Wakubwa wamekaa kikao. Nikauliza, wamesemaje? Akasema wifi, mimi sikuwemo.

Ameniita wifi. Nimelishika hilo neno kama kijiti mtoni.

Jumamosi, 19 Julai 2025
Leo ndiyo siku waliyopanga zamani, mama wadogo waje kukabidhi jiko. Hakuna aliyeahirisha. Hakuna aliyethibitisha. Nimekuja tangu jana, nimefagia, nimekaa.

Wangekuwa wengi, na vigelegele. Amekuja mmoja. Mama mdogo wa Gwakisa, peke yake, na koti la marehemu mumewe, na mzigo kifuani umefungwa khanga — ile khanga. Nilipiga magoti. Ndaga, mama, nikamsalimu kikwao. Akaitika. Hakunitazama usoni. Alitazama ukuta, mito, nyota. Kumbe ndiyo hii, alisema.

Nikauliza Gwakisa yuko wapi.

Washa moto kwanza.

Nikakimbilia jiko la gesi. Akasema huo siyo moto. Akatoka, akarudi na kuni mbichi za mkaratusi na mafiga matatu ya matofali, akayapanga katikati ya sebule — amekunja zulia la Kituruki kwa mguu! Akanikanya nisifungue dirisha. Moshi ubaki humu humu, alisema. Una kazi, kuna weusi wa kurudisha.

Nimeingia chumbani kuchukua kiberiti cha pili, cha kwanza kimeisha, kuni mbichi zinafuka tu. Naandika nimesimama. Namsikia anavunja vijiti, anakohoa. Mlango uko wazi kidogo, moshi umeshapanda hadi kwenye taa, nyota hazionekani. Macho yananiwasha, sasa naweza kulia bila kuulizwa.

Mzigo ameuweka kando ya mafiga. Hajaufungua. Una miguu mitatu, naiona inavyoisukuma khanga.

Kabla sijaingia humu nilimuuliza, mama, nikae wapi?

Sasa mkono wake uko kwenye fundo la khanga. Ananiita.