Meza ya Kioo Iliyouzwa Mara Tatu

Karakana, nyuma ya nyumba,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti linalokusumbua kila baridi inapoingia limekuonea huruma mwaka huu. Dawa ya kuchua bado unaipaka, au umeificha nyuma ya kabati kama ulivyofanya ulipokuwa kwetu? Binamu anasema siku hizi unatembea mpaka dukani na kurudi bila kupumzika njiani. Nimefurahi kusikia hivyo, ingawa najua mwanao huwa anazipunguza makali habari zako ili sisi tulale.

Huku hatujambo. Watoto wanakula, wanakua na wanagombania kiti kimoja wakati nyumba imejaa viti. Baba yao bado anaendesha lori la kiwanda cha matofali, na anakusalimu sana. Mama macho yamepungua nguvu, lakini ulimi uko palepale ulipouacha.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ndiyo iliyotuletea haya ninayotaka kusema. Halafu kwenye simu mtandao wako huharibika kila nikianza kulalamika. Nimekasirika, Shangazi, nakwambia mapema. Ila Mama ametulea tukijua kwamba hata mtu unayekwenda kumgombeza unamsalimu kwanza, na salamu nimezimaliza.

Ile meza ya kioo, ya kujirembea, nadhani unaikumbuka. Niliipata kwenye stoo ya nyumba moja ya wageni iliyokuwa inafungwa, ikiwa imepakwa rangi ya kijani juu ya nyeupe juu ya kahawia, na droo zake zimekaza kama zimepigwa misumari. Niliichuna rangi yote mpaka nikafika kwenye mbao yenyewe. Nikapiga msasa, nikabadilisha mguu mmoja uliokuwa umeliwa na wadudu, nikakisafisha kioo kwa pamba, nikaipaka vanishi na kungoja ikauke, kisha nikapaka tena. Kidole gumba cha mkono wa kulia mpaka leo kina sugu ya meza ile. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hicho, na nasema hivyo bila haya.

Nikaiweka kwenye duka langu la mnada wa mtandaoni. Utaratibu wake unaujua, na jinsi ulivyoujua tutafika huko. Unapiga picha, unaandika maelezo, watu wanapandisha dau mpaka saa ya mnada ikifika mwisho, na aliyetaja bei ya juu ndiye mshindi. Mshindi analipa, mimi nafunga mzigo. Kwenye maandishi ni jambo jepesi kabisa.

Mshindi wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwenye picha ya ndege tai, na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Aliniita dada, akaniita fundi, akaniita msanii. Akaomba nimpimie upana wa meza. Nikampimia. Akaomba kimo, nikampimia. Akaomba nipime upya kwa sababu labda kamba yangu imevutika. Baada ya hapo akaandika kwamba mkewe hataki meza yenye kioo chumbani, eti kinamtazama. Nilipomuuliza kwa nini hakumwambia mkewe kabla ya kushindana na watu, akaingia mitini na tai yake.

Nikaipandisha tena. Safari hii akashinda mama mmoja, nami kwa furaha nikaizungushia nailoni ya mapovu na maboksi, nikaita mtu wa mizigo. Mtu wa mizigo akafika, akakaa juu ya ndoo pale mlangoni akinisubiri nithibitishe malipo. Malipo hayakuja. Ulikuja ujumbe kwamba mtoto alikuwa anachezea simu akabonyeza kwa bahati mbaya. Shangazi, mtoto gani huyo anayebonyeza kwa bahati mbaya mara saba, kila mara akiongeza dau kidogo tu kumzidi mwenzake? Mtu wa mizigo nilimlipa nauli ya kuja na ya kurudi na meza ikabaki.

Na inabaki wapi? Karakana haina nafasi, kwa hiyo imekaa chumbani kwetu, kati ya kitanda na mlango. Tunapita kiubavu. Baba watoto amejigonga mguu kwenye kona yake asubuhi kadhaa, na sasa anaiita mke mdogo.

Nikapiga moyo konde, nikaipandisha mara ya tatu. Hapo ndipo alipokuja mtu niliyemtaka. Ni nesi mstaafu, hana picha ya tai wala maneno mengi. Aliuliza swali moja, kama droo zinafunguka vizuri sasa, nikamjibu, akaweka dau lake. Aliendelea kwa adabu mpaka dakika za mwisho. Ndipo akatokea mtu anayejiita Mpenda Vitu Vizuri, akampita nesi. Nesi akaongeza. Mpenda Vitu Vizuri akampita tena, kwa kishindo, kama mtu mwenye duka la dhahabu. Nesi akaacha.

Kisha Mpenda Vitu Vizuri akanyamaza kama maji mtungini.

Nilimwandikia, "Ndugu mteja, hongera kwa kushinda, tunasubiri malipo." Kimya. Nikaandika, "Ndugu mteja, tunakukumbusha." Kimya. Mara ya tatu uvumilivu uliniisha, nikaacha mambo ya ndugu mteja. Niliandika kwamba kama mtu mfukoni hana kitu akae mbali na vitu vya watu, na kwamba waliomlea wangeona aibu. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, Shangazi, na kila nikifika kwenye waliomlea, masikio yananiwaka.

Nilimrudia nesi, nikamwambia achukue kwa bei aliyoishia. Akanijibu kwa upole kwamba alishanunua nyingine dukani. Alinitumia na picha. Ni ile ya maranda yaliyogandishwa kwa gundi, ukimwagia maji inavimba kama shavu lenye jino bovu. Nilitaka kulia.

Basi nikakaa kwenye benchi la kazi, nikaanza kumchunguza huyu Mpenda Vitu Vizuri. Nikaona ameweka dau kwenye kila kitu changu. Stuli, kabati la viatu, hata ile fremu ya picha yenye ufa. Kwenye maduka ya wengine hajagusa chochote. Chini ya meza yangu alikuwa ameandika sifa, nami sikuwa nimezisoma kwa sababu nilikuwa nangoja hela. Ameandika hivi: "Meza hii haitikisiki hata apandishwe ng'ombe."

Nimeishi miaka yote hii, nimekutana na mafundi na madalali wa kila aina. Ni mtu mmoja tu duniani ninayemfahamu anayepima fanicha kwa ng'ombe.

Nilimpigia binamu simu, na swali la kwanza lilikuwa kama mama yake ana akaunti ya mnada. Alicheka mpaka akakohoa. Nilipomwambia kilichotokea akaacha kucheka. Akaniambia kwamba alikufungulia ili uone picha za kazi zangu tu, na kwamba kila jioni unavaa miwani na kukaa karibu na dirisha unafungua duka langu kabla hata ya habari. Nilimuuliza kwa nini unabonyeza. Akasema alikuuliza hivyohivyo, ukamjibu, "Namsogezea bei mtoto wa kaka yangu. Watu wanataja bei ya kuni."

Hapo nikaelewa, na hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Maana nakumbuka. Baba alipokuwa anauza viti vyake kwenye mnada wa uwanjani, wewe ulikuwa unajichanganya na wateja umejifunga kanga nyingine ili usijulikane. Dalali akilegea, unapaza sauti kutoka nyuma na bei mpya, wateja wanageuka, wanapata wivu, wanaongeza. Sisi watoto tulikatazwa kukuita Shangazi mpaka mnada uishe. Na siku ukizidi, wengine wakaacha na kiti kikakuangukia wewe, hakukuwa na neno. Tulikibeba kichwani mpaka nyumbani, wiki iliyofuata kikarudi uwanjani. Ndivyo tulivyouza, na ndivyo tulivyosoma.

Lakini mtandao hauna kanga ya pili, Shangazi. Ukizidi huko unaandikwa mshindi, na mshindi anadaiwa. Nesi wangu anaondoka, meza inarudi kati ya kitanda na mlango, na mimi naonekana mtu wa ovyo. Hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba ndugu wa muuzaji kupandisha bei huko kunaitwa udanganyifu, na nikitulia nafikiri, sioni jina jingine la tendo hilo. Yule mwalimu mstaafu aliyenunua benchi langu mwezi uliopita alikuwa anashindana na wewe peke yako. Kila alipopanda, ngazi uliiweka wewe. Nimemwandikia nikamweleza, nikamwambia nitamrudishia kilichozidi. Amejibu kwamba benchi ni zuri mno na hana kinyongo, ila kilichozidi atakipokea.

Jumatano wenye mtandao waliniandikia. Wameona kwamba kuna mtu anapandisha bei dukani kwangu tu na halipi. Wametuma fomu yenye swali moja: Je, unamfahamu mnunuzi huyu? Chini yake kuna vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Nikisema Hapana, wanamfungia yeye kama tapeli na mimi naendelea na biashara. Nikisema Ndiyo, wanalichunguza duka langu, na wanaweza kulifunga moja kwa moja. Duka hilo ndilo linalolipa kodi ya karakana hii. Sifa zote za wateja ziko humo, tangu kiti changu cha kwanza.

Mama alisema nibonyeze Hapana. "Shangazi yako hana anachopoteza huko," aliniambia. "Hata hajui kama kufungiwa kunauma." Baba watoto naye akasema hivyo, na hakusema kwa ubaya. Nilikaa mbele ya simu chai ikapoa, nikaweka kidole juu ya Hapana. Nakuambia ukweli wote, nilikiweka kabisa.

Wewe ndiye uliyenishika mkono nikajifunza kupiga msasa kwa kufuata njia ya mbao. Ulilala nami wodini nilipovunjika mguu. Hata jina ninalotumia dukani ulinipa wewe, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kukwaruza kila mtu. Halafu kuna swali limeandikwa pale, kama nakufahamu, na mimi nijibu Hapana, ili niuze meza.

Nilibonyeza Ndiyo, Shangazi. Penye nafasi ya maelezo nikaandika kwamba ni shangazi yangu, hakutaka kumwibia mtu, ananipenda vibaya.

Jibu lao linakuja wiki hii. Wakilifunga duka, nitapanga viti mbele ya mlango kama alivyofanya Baba na nitaanza upya, na kichwa kitaniuma, na nitakutaja nikiwa napanga. Usinitumie hela ya meza. Najua hunayo, na ukikopa kwa binamu nitajua. Ninachotaka ni kimoja. Miwani vaa, kwenye dirisha kaa, picha tazama mpaka uchoke, na kama bei ni ya kuni tukana kwa sauti hapohapo ulipo. Lakini kidole kiweke mfukoni.

Nisalimie binamu na mkewe, na yule kitinda mimba wao mnayemwita Bosi, mwambieni nimemchongea gari la mbao ila magurudumu bado. Mama anakusalimu. Anasema umezeeka bila kupata akili, kisha akaniambia niulize goti lako tena. Baba watoto na mke wake mdogo mwenye kioo wote wanakusalimu.

Mungu akutunze, akupe usingizi mzuri na miguu isiyotikisika hata apandishwe yule ng'ombe wako.

Wako akupendaye, na ambaye ameulizwa kwa maandishi kama anakufahamu, akakubali,

Msasa